Nyuso Zisizo na Namba

Mama yule alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha studio hata kabla Ebenezer hajatoa funguo mfukoni. Vumbi la njia ya Kibakwe lilikuwa bado kwenye nyusi zake, na kitambaa alichojifunga kichwani kilikuwa cheusi. Mwezi mzima sasa, watu wenye vitambaa vyeusi ndio aliokuwa akiwaogopa kuliko polisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Anyesi, mama yake Octavian. Nimefuata picha yake." Akafungua fundo la pembe ya khanga, akatoa kikadi kilicholainika kwa jasho. "Namba hii hapa. Mgodi ulimfukia huko kaskazini. Gari linalomleta litapita hapa mjini saa tisa, linichukue na mimi, kesho tunazika. Ila sanduku wamelipigilia misumari. Wamesema lisifunguliwe."

Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayeeleza njia.

"Kwa hiyo uso wake nitauona kwenye picha," akamalizia.

Kikadi kilikuwa na muhuri wa Studio ya Praful, namba 38207, na chini yake maneno aliyoyabuni Mzee Praful mwenyewe enzi za ujana wake: PICHA YAKO TUNAYO DAIMA. TAJA NAMBA TU. Ebenezer aliisoma ile daima, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na muhuri wake.

Lakini tusimwonee huruma upesi. Ebenezer alikuwa na akili, hilo hakuna aliyelibisha Dodoma nzima, na yeye mwenyewe angekuwa wa mwisho kulibisha. Miaka thelathini na ushei Mzee Praful alikuwa akipiga watu picha za pasipoti, kila mtu na namba yake, na negativu akizitunza kwenye maboksi chumba cha nyuma. Makarani, wanafunzi, wafugaji waliokuja kutafuta vitambulisho, wote walikuwamo. Nyumba nyingi hazikuwa na picha nyingine yoyote. Mtu akifariki, ndugu walijua pa kwenda: kwa Praful, na kikadi mkononi, na baada ya saa moja wanaondoka na uso wa marehemu, umekuzwa, wa kuweka juu ya jeneza.

Akaja Ebenezer na kompyuta. Aliziingiza negativu zote kwenye kisanduku cheusi, ukubwa wa tofali la kuchoma, chenye diski mbili ndani na waya wa kukiunganisha na kompyuta zote za studio. Kazi ya miezi tisa, na aliifanya vizuri, tumpe haki yake. Kisha akamwambia mzee, "Maboksi haya sasa ni chakula cha mchwa tu." Wakayachoma nyuma ya duka. Moshi uliwakohoza majirani hadi jioni, na Mzee Praful alisimama pale mpaka majivu yakapoa.

Kisanduku kikafanya kazi miaka mitatu bila kupiga chafya. Ndipo Ebenezer akataka diski kubwa zaidi, kwa ajili ya video za harusi, na kisanduku kikazikataa. Programu yake ya ndani ilikuwa ya zamani, na waliokitengeneza walishatangaza kwamba wameachana nacho. Ebenezer akaenda intaneti kafe, akawapata wazungu fulani waliokuwa wakiingiza programu ya vifaa vipya ndani ya vifaa vya zamani. Haikukusudiwa kwa vifaa hivyo, na waliandika wazi: ukiharibu, shauri lako, na kabla ya yote toa nakala ya kila kitu.

"Kinafanya kazi," alisema Mzee Praful. "Kiache, kijana."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu guu alilolivunja halikuwa lake. Alikuwa ameshafanya kazi hiyo hiyo kwenye kisanduku cha ofisi moja ya zabibu kule Makutupora, ikakubali, akashangiliwa na kupewa chupa mbili za mvinyo. Nakala ingehitaji DVD kumi na nne. Zilikuwa zimejaa tele duka la jirani. Aliona zitamchelewesha.

Programu mpya iliingia bila kinyongo. Taa zikawaka kijani, ukurasa ukafunguka, mzuri kupindukia, ukauliza: diski hizi hazitambuliki, ziandaliwe? Akabonyeza ndiyo, kama sote tunavyobonyeza ndiyo. Alipong'amua kwamba kuandaa ni kufuta, akachomoa waya ukutani, lakini orodha yote ilikuwa imekwenda. Baadaye alivua alichoweza kwa programu nyingine. Zilitoka nyuso elfu thelathini kati ya arobaini, zimechanganyika, nyingine zimekatika, na hakuna hata moja yenye namba.

Yote haya Ebenezer alimweleza Mama Anyesi, kwa maneno mafupi, macho yake yakiwa kwenye sakafu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo imo, ila hamjui ni ipi."

"Imo au haimo, mama. Sijui."

"Mimi nitamjua. Washa."

Ebenezer akamwekea kiti mbele ya kompyuta. "Alivaaje siku ile?" akauliza, akitaka angalau kusaidia.

"Alipendeza. Koti la bluu, na tai yenye mstari mwekundu."

Ebenezer aligeuza macho kwenye msumari ukutani. Koti la bluu lilikuwa linaning'inia pale, na tai yake yenye mstari mwekundu, koti la studio, ambalo Mzee Praful alimwazima kila aliyekuja na shati lililochakaa. Nusu ya mkoa ilikuwa imelivaa.

Wakaanza. Uso, kitufe, uso, kitufe. Koti lile lile, shingo mpya. Mama Anyesi aliwatazama wote kwa adabu, hakumruka mtu. "Huyu ni Yasinta, alimfundisha Octavian darasa la pili," alisema. "Tulishamzika." Kitufe. "Huyu kama mtu wa Mpwapwa mjini." Kitufe. Saa nne Mzee Praful akaingia na mkongojo wake, akaelezwa, akamwinamia mama mikono ikiwa kifuani. "Pole sana, mama. Pole." Akakaa nyuma yao. Kwa Ebenezer hakusema neno. Mwezi mzima hakuwa amemlaumu hata mara moja, na jambo hilo lilimtesa kijana kuliko matusi. Angetukanwa angejua pa kuanzia.

Saa sita ikapita. Mama alikataa chai, akakataa hata maji. Ebenezer alikuwa amepiga hesabu kichwani tangu asubuhi na alijua kwamba hadi saa tisa wasingefika hata nusu. Hakuwa na moyo wa kusema.

Saa nane na nusu mama akamshika mkono. "Rudisha."

Ilikuwa mojawapo ya zile zilizokatika. Juu, paji la uso na macho mawili ya kijana. Kuanzia puani kushuka chini, kijivu kitupu.

Mama Anyesi akasogea mpaka pumzi yake ikaufunika ule uso kwa ukungu. "Octavian alikuwa na kovu hapa," akasema, akigusa kidevu. "Aliangukia jembe. Nionyeshe kidevu."

"Hakipo, mama. Kimefutika."

"Kitafute."

"Hakitafutiki."

Akayatazama yale macho muda mrefu. "Macho kama yake. Na pengine si yake. Mama gani asiyeyajua macho ya mwanawe?" Akamgeukia Mzee Praful, kana kwamba mzee angekuwa na jibu. "Miaka mitatu sijamwona, baba. Nilidhani ninamkumbuka. Kumbe nilikuwa nakumbuka kwamba picha ipo."

Mzee Praful alifunika uso kwa viganja.

"Nikutolee hii?" Ebenezer akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimzike Octavian kwa macho ya mtoto wa mtu mwingine? Hapana."

Nje honi ikalia. Gari lilikuwa limewahi. Kupitia dirishani waliona jani la mgomba limefungwa mbele ya boneti, na wanaume wawili wakishuka kunyoosha miguu.

Mama Anyesi akasimama. Akaenda ukutani, akalichukua lile koti, akalivaa juu ya gauni lake. Akavua kitambaa cheusi, nywele zake zilikuwa fupi na zimeanza mvi. "Nifunge tai," akamwambia Ebenezer. "Watu wote walisema tumefanana. Kijiji kizima. Nipige."

"Mama," Ebenezer akasema, "picha ya mtu aliye hai haiwekwi juu ya jeneza. Ni nuksi."

"Nani kakwambia mimi niko hai?"

Ebenezer akamtazama mzee. Mzee akaitikia kwa kichwa. Basi akamfunga tai, vidole vikikosea fundo mara mbili, akamkalisha kwenye stuli, akawasha taa. Mama hakupepesa. Honi ikalia tena. Printa ilichukua dakika mbili, na ikautoa uso wa mtu mwenye koti la bluu na tai yenye mstari mwekundu, ambaye ukimtazama haraka ungesema ni kijana aliyezeeka ghafla.

Akaipokea, akaitazama, akaibusu mara moja. Kisha akaigeuza nyuma, kama alivyozoea kila aliyewahi kupiga picha kwa Praful.

"Hujaandika namba."

"Namba hazina kazi tena, mama. Tumeshazipoteza."

"Andika. Siku nikifa mimi, watakuja kuifuata wapi?"

Ebenezer akashika kalamu. Namba mpya hakuwa nayo, orodha ya namba iliishia siku ile ya taa za kijani. Kile kikadi kilikuwa bado mezani. Akanakili kutoka pale, tarakimu moja baada ya nyingine: 38207. Mama akangoja. Ikabidi achukue na muhuri, apige na ile daima juu yake, wino ukiwa umekolea.

Mama Anyesi akavua koti, akalirudisha kwenye msumari, akaliweka sawa mabegani. Akajifunga kitambaa chake, akatoka kwenda kupanda gari la mwanawe.