Mishipa ya Baba

Katika chumba cha nyuma cha hoteli, dobi alipiga pasi mashuka meupe akiwa amesimama upande, uso kaugeuzia ukutani kama mtu aliyenuna. Wenzake walimwita Bwana Maringo. Laiti wangejua! Pua yake ilitoka damu bila kubisha hodi, na shuka jeupe halifichi siri. Ndiyo maana alikula peke yake, na hata harusi ya bintiye hakwenda. Aliogopa kumwaga damu mbele ya wakwe. Alisema tu ana kazi. Uongo wa kijinga, na ulimkosesha mtoto wake wa pekee.

Asubuhi hiyo, hospitalini, daktari alikuwa amevitazama vidoa vyekundu vya midomoni na vidoleni mwa dobi, vile ambavyo yeye aliviona vya kawaida. Akamwambia ni ugonjwa wa kurithi, adimu, unaotokana na kasoro kwenye jeni. Mishipa inayopeleka damu na ile inayoirudisha huungana moja kwa moja, bila ile midogo ya katikati inayopunguza kasi, basi kuta zake nyembamba hupasuka.

"Una watoto?"

"Binti mmoja. Nasikia ni mjamzito."

Daktari akaweka kalamu chini. "Huenda amerithi, huenda hakurithi. Lakini kama mishipa hiyo anayo mapafuni, ujauzito unaweza kuipasua. Apimwe haraka."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hakuna aliyemwonya dobi kwamba kifo chenyewe huenda kikampita yeye kikamwendea mwanawe. Alizima pasi, akampigia binti yake simu.

"Baba? Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Hakuna msiba." Akaeleza yote, akirukaruka: pua, vidoa, mapafu, hata ile harusi.

"Mama, upo?"

"Nipo. Nimesikia. Nitakwenda kesho."

"Nije nikusindikize?"

"Nitakwenda na mume wangu." Akavuta pumzi. "Unajua, baba, nilipokuwa darasa la tano nilikuwa najifungia chooni, nimeziba pua kwa sketi ya shule. Nilidhani duniani niko peke yangu. Nikaogopa kukuambia, maana wewe ni mtu wa usafi, hupendi doa. Kumbe nawe ulikuwa unajifungia chumba cha pili!"

Dobi alihisi aibu kali kuliko zote alizowahi kuzikimbia.

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza nipimwe," akasema, si kwa hasira, akakata.

Dobi akabaki ameishika simu. Binti atapimwa, na kwa hilo alishukuru kwa moyo wote. Lakini yule mtoto wa darasa la tano, aliyejifungia chooni na sketi yake puani, nani atamgongea mlango sasa?