Boksi la Dawa, Boksi la Kimea

Nesi Monika alivipapasa vile vichupa kwa kiganja, kisha akavirudisha mezani taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Hakupandisha sauti. Alimuuliza Bibi Dominika dawa ilisafiri na nini kutoka Sumbawanga, na Dominika akamwonyesha kikapu: gazeti, na kanga moja iliyokuwa imelowa maji na sasa imekauka kau. Basi nesi akasema dawa ya vichupa vile hataitia kwenye sindano. Dawa ya kichaa cha mbwa ikishapigwa na joto haiaminiki tena, na mtoto hawezi kulindwa kwa dawa ya kubahatisha.

Dominika alikuwa amesimama. Akakaa.

Mjukuu wake, Bertilla, alikuwa kwenye benchi pale nje ya zahanati ya Ilemba, mguu umefungwa kitambaa, anatafuna muwa. Mbwa aliyemng'ata alikuwa amekwisha kufa, na alikufa huku akitoa udenda na kuuma mawe. Hapo kijijini hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Nesi alilisugua lile jeraha kwa sabuni na maji mengi siku ileile, akasema sasa zinatakiwa sindano, na zianze upesi, maana ugonjwa ule ukishajionyesha hakuna daktari wala padri wa kuurudisha nyuma. Zahanati haikuwa nazo. Ndiyo maana bibi alidandia lori la mahindi, akapanda milima ya Lyamba lya Mfipa mpaka mjini, kwa Loth.

Loth hakuwa mtu baki. Marehemu Gabriel, mumewe Dominika, ndiye aliyemsimamia kipaimara, akamwekea mkono begani mbele ya askofu. Tangu siku hiyo Loth alimwita Dominika mama. Mambo ya ruksa ya biashara yalipoingia, na kila mwenye fremu akafungua duka lake, Loth alifungua duka la dawa karibu na stendi, akatundika picha ya Moyo Mtakatifu juu ya kaunta na kuweka friji la mafuta ya taa pembeni. Watu wakamsifu. Dawa zake zilikuja kwa basi kutoka Mbeya ndani ya maboksi meupe ya foamu, yale magumu na mepesi ambayo ukiyakwangua kwa ukucha yanatoa punje punje, na ndani yake pakiti za barafu.

Siku aliyokwenda Dominika, Loth alilifungua boksi mbele ya macho yake, akatoa vichupa katikati ya barafu, akavifunga kwenye gazeti. Dominika akauliza boksi je. Loth akacheka kicheko kizuri cha mtoto wa nyumbani.

“Mama, hilo boksi si blanketi? Nyie wenyewe mnaoteshea kimea humo. Dawa inataka baridi, wewe unataka kuifunika?”

Na Dominika aliamini, kwa sababu alikuwa mtoto wa huko juu kabla hajaolewa bondeni, na huko juu ni nani asiyeyajua yale maboksi? Kuanzia mwezi wa sita baridi ya Ufipa inapokaza, ulezi uliolowekwa unagoma kuota. Wanawake wanaopika pombe wakagundua kwamba ukiuweka ndani ya boksi la dawa na kulifunika, unachipua vizuri kama wakati wa masika. Dominika mwenyewe aliwahi kuingiza mkono kwenye kimea cha dada yake akakuta joto kama la kiota. Kwake boksi lile lilikuwa kitu cha joto, basi. Akalowesha kanga, akafunika vichupa kikapuni, akashuka navyo kutoka kwenye ubaridi wa mjini mpaka kwenye jua la bonde, akivipigia upepo njia nzima kwa kipande cha kadibodi. Aliona anafanya kazi njema. Alikuwa amemwona pia Hellena, mpika pombe wa pale nyuma ya stendi, amesimama mlangoni pa duka la Loth na kanga yake imekunjwa kata ya kubebea mzigo kichwani, anasubiri kitu. Hakuuliza anasubiri nini.

Sasa Monika alimweleza. Boksi halina joto lake wala baridi yake, bibi. Linazuia tu. Ulezi unapoota unatoa joto lake wenyewe, likizuiwa linabaki mle. Ukiweka barafu, baridi ndiyo inayobaki. Linatunza ulichoweka.

Dominika alisikiliza mpaka mwisho. Halafu ile picha ya Hellena na kata yake kichwani ikamrudia, na hapo ndipo hasira ilipompanda, kutoka miguuni. Si kwamba Loth hakujua. Loth alikuwa ameliuza boksi.

Alfajiri alikuwa kwenye lori tena. Alishika rozari akajaribu kusali Matendo ya Uchungu, lakini kila alipofika kwenye Salamu Maria midomo ilikwenda yenyewe na moyo ukabaki pale dukani. Mwisho akaiweka rozari mfukoni. Alimwambia Mungu kimoyomoyo amsamehe, leo ana kazi, na Bwana Yesu naye siku ile hekaluni alizipindua meza kwanza.

Duka lilikuwa na wateja. Loth alimwona, akatabasamu, akamwamkia shikamoo. Dominika hakuitikia. Wateja wakageuka. Katika nchi ya Ufipa mtu mzima asipoitikia shikamoo, watu wanajua pana jambo, na mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua dawa ya macho alirudisha pesa yake kwenye upindo wa kitenge ili asikilize vizuri.

Dominika aliviweka vichupa juu ya kaunta.

“Niambie Loth, kama baridi ya Sumbawanga inatosha, hilo friji unawekea nini?”

Loth akasema mama, tuongee ndani. Dominika akasema ndani haingii, ana vumbi. Loth akapunguza sauti, akaeleza kwamba mali ikishatoka dukani haina marejeo, ndivyo biashara ilivyo siku hizi, siyo kama zamani kwenye maduka ya serikali. Na kwamba labda nesi naye ana woga tu, wa vijijini wale wanajifunza kwa kukariri.

“Uliliuza boksi?”

“Mama, kila mtu anayauza.”

“Sikukuuliza kila mtu. Uliuza ngozi ukanipa nyama ioze njiani. Mtoto ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, Loth. Gabriel alikushika bega hili hapa mbele ya altare. Leo ungemshikisha nini? Gazeti?”

Mwanamke wa dawa ya macho akaguna. Mzee mmoja akasema taratibu kwamba hata yeye alipewa dawa ya mkewe kwenye gazeti, akatoka bila kununua. Loth alianza kutokwa jasho, na nje palikuwa na ubaridi wa kuvaa makoti mawili.

Alikiri kwamba kwenye friji mna dawa nyingine, ila imeshawekewa oda na mtu wa Kasesya, kule mpakani. Dominika akauliza huyo wa Kasesya ameng'atwa na mbwa yupi. Loth akasema hakung'atwa, anaivusha kwenda kuuza ng'ambo. Wateja wakamkazia macho. Loth mwenyewe ndiye aliyelifungua friji.

Pakiti za barafu zilikuwamo. Boksi ndilo lililokosekana. Dominika akamwambia afunge duka, waende wote kwa Hellena.

Walimkuta Hellena uani. Boksi lilikuwa kwenye kona, limefunikwa gunia, na ulezi ndani yake umeshatoa vijimizizi vyeupe, umeshikana kama mkeka. Alipoona Loth ananyoosha mkono alimuuliza kama amechanganyikiwa. Kimea kinaguswa siku ya pili? Kikipoa kimekufa, na pombe ya Jumamosi imekufa nacho. Dominika akamweleza habari ya mjukuu wake kwa maneno machache. Hellena akatandika gunia, akalipindua boksi lote, kimea kikaanguka chini kinafuka mvuke, akaanza kulisugua kwa maji na brashi ya majani huku amewapa mgongo.

“Mimi mnaniita mlevi kanisani,” akamwambia Loth bila kugeuka. “Mimi ninayewalevya watu wazima kwa hiari yao. Wewe unaimba kwaya.”

Akalikausha kwa kanga yake ileile ya kata, akampa Dominika, siyo Loth.

Waliporudi dukani, Loth alidhani kazi yake imeishia kupanga vichupa na barafu ndani ya boksi na kulifunga kwa utepe wa gundi. Dominika akamwambia apande lori. Loth alilipakata boksi mapajani njia nzima, kati ya magunia na mbuzi wa watu, na kila lori liliporuka Dominika alimwangalia mikono. Walipokuwa wanateremka, joto la bonde likiwapokea, Loth alivua koti moja, kisha la pili.

Monika alilifungua boksi, akagusa vichupa, akaitikia kwa kichwa. Bertilla alipochomwa alilia kwa sauti kubwa iliyosikika mpaka kwenye mashamba ya mpunga, na bibi yake akasimama akikisikiliza kile kilio bila kumbembeleza, anashukuru. Sindano nyingine zilikuwa bado mbele, kwa siku alizozipanga nesi, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba zilianza kwa wakati. Vichupa vilivyobaki nesi akavihifadhi kwenye friji la chanjo.

Loth akafuta uso. Akasema basi mama, Mungu ni mwema, acha niwahi lori linalopanda.

Dominika akamtazama kwa utulivu, kama anavyotazama moto wa kupikia ambao haujakolea.

“Kabla yangu mimi, ulimuuzia nani kwenye gazeti?”

Loth akasema hakumbuki. Halafu akasema ni wengi, dawa za namna nyingi. Dominika akamwambia hamuulizi za namna nyingi, anamuuliza ya kichaa cha mbwa. Loth akaangalia mlango. Mwisho akasema Masunga, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule bondeni. Mkewe Kabula aling'atwa akitoka kuteka maji. Huenda ni mbwa huyohuyo. Masunga aliichukua kwenye gazeti, na walikuwa na mtu wao wa kuwachoma sindano huko kambini.

Monika aliyekuwa anaosha mikono akaacha bomba linamwagika.

“Kwa hiyo Kabula anajua amepona,” Dominika alisema.

“Mama, nitatuma mtu.”

“Utakwenda wewe. Utamwambia Masunga kwa kinywa chako ulichompa, na asubuhi utapanda mjini kumtafutia nyingine, hata kama ni Mbeya.”

“Wale watanipiga.”

“Watakupiga,” Dominika alisema, akachukua fimbo yake. “Twende, kabla hawajarudisha ng'ombe zizini.”

Alitangulia njiani bila kugeuka. Nyuma yake, baada ya muda mrefu kuliko alioupenda, alisikia hatua za viatu vya mjini zikimfuata kwenye vumbi.