Damu ya Jogoo Juu ya Kabureta

Uongozi wa Chama cha Zemijani, Kituo cha Soko Kuu la Bohicon, unawatangazia waendesha pikipiki wote kwamba kuanzia siku ya soko ijayo ni marufuku kumwomba abiria asukume pikipiki aliyoilipia nauli. Atakayerudia kosa hilo atavuliwa shati lenye namba.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, likarudiwa, ijapokuwa wasikilizaji walikuwa wachache na lilimhusu mmoja tu kati yao. Huyo alikuwa Vignon. Juzi yake muuza akasa, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, alikuwa ameshuka, akatua beseni, akasukuma pikipiki ya Vignon hadi mbele ya kituo, kisha akawaambia waliosimama pale, "Nilipanda zemijani, nimejikuta nimeajiriwa."

Hakuna mtu wa Bohicon anayepanda pikipiki ya mtu asiye na shati lenye namba, na Vignon hakuwa na shamba wala kazi nyingine.

Pikipiki yenyewe haikuwa kuukuu. Ilinunuliwa ikiwa mpya na baba mkubwa wa Vignon, Dah Aizannon, mkuu wa ukoo. Ilikuwa ya injekta: petroli yake ilirushwa ndani ya injini kwa amri ya kisanduku cha umeme, na kisanduku hicho kilitazamia petroli safi. Petroli ya Bohicon ni kpayo, inayovushwa mpaka kwa magendo na kuuzwa kando ya barabara kwa chupa, pamoja na maji yake na mchanga wake.

Fundi Lokossou alifungua tanki, akanusa.

"Kaka, pikipiki hii ina tumbo la balozi, nawe unainywesha kpayo. Kila juma nakusafishia injekta. Hata mimi nimekuchoka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tufunge kabureta. Kabureta haina maringo. Ikimeza mchanga unaifungua, unaipuliza, unaendelea na safari."

"Ifunge leo."

Lokossou hakushika spana. Alinyoosha kidole kwenye manyoya yaliyogandia juu ya kifaa cha injekta. Katika sherehe ya mwaka ya Gu, mungu mwenye chuma chote, Dah Aizannon alikuwa amemimina damu ya jogoo mahali hapo hasa, kwa hoja kwamba kifaa chenye nyaya nyingi kuliko vyote lazima ndicho kikubwa. Kwa upande wa ufundi hakukosea. Lakini tangu siku hiyo kifaa kilikuwa cha Gu, na cha Gu hakifunguliwi ovyo.

"Nikikigusa hiki nikapondwa na lori, wanangu utawalea wewe?"

"Lawama nitabeba mimi."

"Gu hapokei lawama za kuazima. Leta jogoo."

Jogoo akaletwa. Lokossou alimchinja juu ya chuma kilichosimikwa mbele ya karakana, akamweleza Gu shauri lenyewe bila kuzunguka, na ili asionekane amependelea upande, akaimwagia damu kabureta pia. Ndipo akaanza kazi. Aliondoa injekta na kisanduku chake. Akaitoa pampu ndani ya tanki, akaziba tundu lake kwa bati nene na gasketi, akafunga koki chini ili petroli ishuke yenyewe. Alibadilisha pia mfumo wa moto, kwa kuwa kisanduku kilichonyang'anywa kazi ya kulisha injini hakikukubali kuiwasha. Mwisho akaikaza skrubu ya kabureta kidogo kidogo, ametega sikio, hadi injini ilipoacha kukohoa.

Kwa majuma kadhaa hakuna abiria aliyeshuka kusukuma. Kisha Vignon akaenda kumjulia hali baba yake mkubwa, naye mzee akaisikia pikipiki kabla hajaiona.

"Sauti hiyo si ile niliyoinunua."

"Ni ileile, baba. Imepona."

"Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Kipo, baba. Nimekihifadhi kwenye mfuko."

"Umemtia Gu mfukoni," alisema Dah Aizannon, akaitisha baraza.

Barazani mzee alidai injekta irudishwe. Vignon alipiga magoti, akaeleza habari ya kpayo, ya abiria na ya shati. Walimsikiliza kwa heshima, kama wanavyosikilizwa watu wasiohusika. Kisha akasema Shangazi Alougba, mkubwa wa wanawake wa ukoo, ambaye pasipo kauli yake hakuna shauri linalopita.

"Hicho kipya, kimekula damu?"

"Kimekula, shangazi."

"Mchinjaji alimtaja Gu?"

"Alimtaja, nami nikiwapo."

"Basi, Aizannon, unabishana na nani? Hicho nacho hakitoki."

Lokossou, aliyeitwa kuwa shahidi, alisema kwa adabu kwamba injini ina mdomo mmoja, na vifaa viwili haviwezi kukaa mahali pamoja.

"Hayo ni ya karakana," alijibu Dah Aizannon. "Hapa tunaamua."

Wazee walitoka nje, wakanong'ona, wakarudi. Mzee akasimama na kutamka uamuzi: kifaa cha awali kirudishwe mahali pake bila kuchelewa, kabureta, kwa kuwa nayo imekula damu, isiondolewe, na hadi maagizo yote mawili yatakapotekelezwa, pikipiki isitoke uani.