Mzabibu Kwenye Kiti cha Nyuma

"Zimeota kwenye baiskeli yangu, kwa hiyo zabibu ni zangu," alisema Spoki, fundi baiskeli wa nyumba ya pili.

"Zimeota miguuni kwangu," alijibu kinyozi. "Baiskeli ilikuwa inapita tu."

"Inapita wapi na wewe bado umeikalia?"

Kweli kinyozi alikuwa ameikalia. Tangu arudi safarini na mkewe alikuwa juu ya kiti cha nyuma cha ile baiskeli ya watu wawili waliyoiazima kwa Spoki, iliyoegemezwa ukutani kando ya mlango wake, na mzabibu uliotoka kwenye nyayo zake ulikuwa umemfunga kwenye fremu kuanzia vifundoni hadi magotini. Vishada vilikuwa vimeiva vizuri. Majirani walipita, wakamsalimu, wakachuma moja moja, wakaenda zao.

Ugomvi ungeishia kwenye zabibu, lakini Spoki hana breki.

"Na ulituambia ulimbeba shemeji wikendi nzima."

"Nilimbeba."

"Mzabibu haushiki mguu unaozunguka, bwana."

Safari ilikuwa ombi la mkewe. Yeye hukanda unga kwenye kiwanda cha mikate, kutwa amesimama, na alipopewa mapumziko ya wikendi alitaka kitu kimoja tu. "Nikae nyuma," alisema. "Unibebe mpaka kwenye mashamba ya mizabibu, mimi nitazame tu." Kinyozi alikubali mbele ya wateja wote, wembe ukiwa hewani. Akaanza kueleza habari za mapaja yake, na jinsi zamani alivyokuwa akipanda milima bila kushika usukani. Mteja aliyekuwa kitini alichoka kusubiri, akaondoka na ndevu za upande mmoja.

Jumamosi wakatoka, mama mkwe akiwafuata kwa baiskeli yake ya kikapu. Kwenye mlima wa kwanza, ambao kwa kweli ulikuwa tuta la barabarani, goti la kinyozi likakataa.

"Tubadilishane kidogo tu, mke wangu. Mpaka pale kwenye kona."

Kona zilikuwa nyingi, na kila moja aliiona bado si ile aliyoisema. Kule nyuma aliinua miguu, akaipumzisha juu ya fremu, kisha akawa anahema kwa sauti ili ajulikane yuko kazini. Mama mkwe aliyaona yote. Kwa heshima ya mkwe alikohoa tu. Alikohoa mpaka kwenye kiwanda cha kwanza cha mvinyo.

Mwenye kiwanda aliwamiminia kidogo kidogo kwenye glasi, akawawekea sahani ya zabibu na ndoo. "Onjeni, kisha mteme," alisema. Kinyozi alijiona mtu aliyelelewa. Kutema nyumbani kwa watu, yeye? Akameza mvinyo, akameza zabibu na mbegu zake, na alipoona mama mkwe ametema, akaomba glasi nyingine ili aifute aibu ya familia. Aliifuta mara kadhaa.

Walipofika kiwanda cha pili, chipukizi lilikuwa limetokeza kwenye matundu ya kamba za kiatu cha kinyozi. Mwenyeji aliinama, akaligeuza jani.

"Aina nyekundu," alisema. "Hii hupenda mahali pasiposumbuliwa."

Mkewe aliuliza inataka maji kiasi gani, akaambiwa, akammwagilia mumewe miguuni. Kisha akapanda mbele, akakanyaga pedali, sasa na uzito wa majani juu. Jumapili matawi yalirefuka yakamfikia, yakamkinga jua shingoni. Huo ndio msaada pekee uliotoka kiti cha nyuma safari nzima, na kinyozi alijivunia kana kwamba aliupanga.

Sasa mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Kinyozi alikuwa na maneno tayari, ya upepo na ya goti, ila hata masikio yake mwenyewe yalikuwa yamemchoka.

"Wikendi ijayo nyuma unakaa wewe," alimwambia mkewe.

"Wikendi ijayo nina zamu," alisema mkewe. "Na nilijua tangu kwenye tuta. Mtu anayekanyaga kweli hapati pumzi ya kuhema kwa madaha vile."

Ndani ya nyumba mama mkwe akakohoa.

Mkewe akauchomeka mwiko kwenye mkanda wa aproni, akaiondoa baiskeli ukutani, akashika usukani na kuanza kusukuma. Kinyozi akainamisha kichwa mapema, asije akajigonga mlangoni. Aliona na yeye achangie kitu.

"Shemeji Spoki," mkewe akasema, "karibu ndani tule, chakula kinapoa. Zabibu mtagombania mezani. Nishikie mlango tu, nimwingize huyu."