Majaketi ya Uzi wa Kijani

Mama mkwe wangu anaogopa maji kuliko anavyomwogopa daktari wa meno. Tangu usichana wake ameanika nguo akikitazama kile kisiwa kidogo ng'ambo, na hajawahi kukikanyaga. Kwa hiyo Jumatatu ile, aliposema mezani kwamba Jumamosi ya wiki ijayo tunavuka kwa kivuko, tunashinda kule na kurudi jioni, nilicheka mpaka chai ikanipalia.

“Cheka tu, baba,” alisema. “Mimi nimeshauliza. Siku hizi kila abiria anavalishwa jaketi la kuokolea maisha. Mtu akianguka majini anaelea kama kizibo. Kikundi changu chote kinakwenda, kina mama kumi na watano, na nyie watatu.”

Niliweka kikombe chini. Yale majaketi tumeyashona sisi.

Mimi ni fundi makochi. Karakanani tuko watatu, na kila mmoja ana rangi yake ya uzi anayofungia fundo la mwisho, pembeni kwa ndani, ili kochi likirudi limefumuka Bosi ajue amgombeze nani. Uzi wangu ni wa kijani. Miezi minne iliyopita wenye kivuko walituletea majaketi yao yaliyochakaa tuyavalishe kitambaa kipya na kuyajaza upya. Kazi ilikwenda vizuri mpaka siku ya mwisho. Ile sponji ngumu waliyotuletea ikaisha, na mezani kwangu yalikuwa yamebaki majaketi kumi na nane. Bosi akasema, “Malizia na iliyopo.”

Iliyopo ilikuwa sponji ya makochi. Nikaijaza, nikaibonyeza kwa kiganja kama ninavyobonyeza kila kiti. Imebonyea, imerudi, imekubali. Nikafunga fundo, nikachukua jingine. Mkono wangu una miaka ishirini ukiuliza swali moja tu, kama mtu atakaa vizuri. Habari za maji haujawahi kuziuliza, na siku ile mimi pia sikuziuliza.

Jumanne asubuhi, mke wangu alipokwishatoka kwenda kazini, nilichukua kipande cha sponji ile ile, nikakishonea ndani ya kitambaa cha rangi ya chungwa kilichobaki kwenye majaketi, nikakitia kwenye ndoo ya maji. Kikaelea. Nikashusha pumzi, nikajiita mpumbavu, nikasogea kwenye kioo kunyoa ndevu. Nilipogeuka, juu ya maji hapakuwa na kitu. Kipande kilikuwa kimelala chini kabisa ya ndoo, na nilipokitoa kilikuwa kizito kama tambara la deki. Nilikaa sakafuni bafuni, povu la sabuni likinikaukia shavuni.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bosi. Alinisikiliza, akafunga mlango.

“Nani mwingine anajua?”

“Hakuna.”

“Basi na abaki huyo huyo Hakuna. Kile kivuko tangu uzaliwe kimezama lini? Ukifungua mdomo, karakana inafungwa na sisi tunakwenda jela. Tena wewe utatangulia. Uzi uliomo mle ndani si wangu.”

Nilirudi kwenye meza yangu nikashika sindano, na kivuko kilipopiga honi ya saa tatu, nikajidunga kidole. Karakana yetu haiko mbali na gati. Honi ile nimeisikia maisha yangu yote, saa tatu, saa sita, saa tisa, bila kuisikia. Wiki ile kila ilipolia niliweka sindano chini, nikasubiri mpaka nisikie ile ya kurudi.

Nyumbani nilianza vituko. Mke wangu alikuwa ameandika orodha nyuma ya karatasi ya kalenda, ameibandika ukutani: chupa mbili za chai, mkeka, kofia ya mama, dawa ya kichefuchefu.

“Wiki ijayo kuna upepo mkali,” nilimwambia.

“Umeanza lini utabiri wa hali ya hewa, Baba Msumari?”

“Na mtoto masikio yanamsumbua. Upepo wa baharini utamzidishia.”

Msumari ni binti yetu wa miaka tisa. Jina hilo nilimpa mwenyewe kwa sababu ni mdogo lakini anachoma. Alikuwa chini ya meza akipaka kucha za bibi yake rangi. “Masikio yangu mazima,” alisema. “Namsikia baba anavyodanganya.”

Walicheka wote watatu. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kufika Jumamosi ya wiki ile nilikuwa na mpango, na mpango wenyewe naona aibu kuusimulia. Siku ya safari ningekuwa wa kwanza kupanda. Ningelifikia sanduku la majaketi kabla ya watu wote, nipindue pembe moja moja, nitoe manne yasiyo na uzi wa kijani. Nilikuwa nimeshona mengine mazima kabla ya yale kumi na nane, lakini fundo ni lile lile na kwa macho huwezi kuyatofautisha, kwa hiyo la kijani lolote ningeliacha. Manne tu: la mama mkwe, la mke wangu, la Msumari na langu. Kuhusu abiria wengine nilijitia hamnazo.

Jumapili mchana kikundi kilikuja kwetu kupanga safari. Kina mama walijaa kwenye makochi yangu, wengine mikononi mwa makochi, na mama mkwe akasimama katikati na daftari lake. Aligawa kazi kama jemadari. Huyu alete mkeka, huyu kikapu, yule anayetapika hata kwenye baiskeli akae karibu na dirisha. Vicheko vilijaa nyumba nzima. Mimi nilisimama mlangoni mwa jiko.

“Na la mwisho,” alisema, “ni la majaketi. Mjukuu wangu kanipa siri. Huyu mkwe wangu mnayemwona kanyamaza hapo ndiye aliyeyashona, na hata kujisifu hajui. Sasa, siku hiyo msivae lolote tu mtakalopewa. Pindueni pembe kwa ndani, mtafute fundo la uzi wa kijani. Hilo limetoka mkononi mwake. Makochi haya mliyokalia yana miaka kumi na miwili, nani ameona yamefumuka?”

Wakanipigia makofi. Msumari alinitazama akitabasamu, amejaa fahari mpaka pomoni.

“Jana nilikwenda mpaka gatini,” mama mkwe aliendelea, “nikamwonyesha baharia lile fundo. Kijana mwelewa. Akasema basi, ya kijani atakuwa anawapa kwanza kina mama wenye watoto wadogo.” Akafunga daftari. “Nawaambieni kweli, hata mimi sasa siogopi.”

“Yanazama,” nilisema.

Mmoja akacheka, akidhani ni utani.

“Mama, yale ya uzi wa kijani yanazama. Nilijaza sponji ya makochi. Nimejaribu kwenye ndoo nikaona kwa macho yangu.”

Mke wangu ndiye aliyesema kwanza, taratibu sana. “Umejaribu lini?”

“Jumanne.”

Aliitazama orodha yake ukutani, kisha akanitazama mimi, na sikuweza kumtazama. Nilingoja mama mkwe anitukane. Nilingoja aseme safari basi. Alikaa polepole kwenye mkono wa kochi, mikono yake yenye kucha nyekundu imelala juu ya daftari.

“Na waliovuka leo?” aliuliza. “Wanaovuka sasa hivi?”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika chache.

“Baba, kimbia,” alisema Msumari.

Nilitoka na ndala mbili zisizofanana, moja yangu na moja ya mgeni. Zote mbili zilinitoka njiani. Honi ililia nikiwa kwenye kona ya mwisho, na nilipofika gatini kamba zilikuwa zimeshafunguliwa, maji yanatibuka nyuma ya kivuko. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mfanyakazi wa gati alinishika mkono, akaniuliza nimeachwa na nani.

Juu ya kivuko, karibu na ukingo, mama mmoja alikuwa amechuchumaa akimfunga mwanawe mikanda ya jaketi. Aliponiona ninavyopunga mikono alidhani naaga mtu, akamwinua mtoto juu, naye mtoto akanipungia. Kutoka pale niliposimama sikuweza kuona rangi ya uzi.