Ndege Iliyokaa Kitako

Siku ya kuondoa matanga iliwadia, na Pudentienne alikuwa bado mkekani, hajanawa mikono. Ndugu walikuwa wameujaza ua wake wa Kimisagara wakimsubiri anawe, anywe funda moja la bia ya mtama, msiba ufungwe. Alikataa.

"Mimi sikuzika mtoto. Nilizika sanduku."

Achille, kifungua mimba wake, alikuwa mwanajeshi, akafia nje ya nchi. Sanduku lake lilishushwa uwanja wa ndege wa Kanombe kutoka tumboni mwa ndege ya mizigo ya jeshi, likiwa limefungwa, likaingia kaburini vivyo hivyo. Uso wake hakuuona mtu.

Clovis, mdogo wa marehemu, alidhani dawa anayo. Chini ya kitanda cha kaka yake alikuta boksi la ndege ya plastiki ya kuunganisha, ya aina ileile iliyomleta, vipande tele, na mabawa tu ndiyo yaliyokuwa tayari. Achille alizoea kumwambia, "Wewe una mkono wa pupa, usiguse." Clovis akaapa ataimaliza, iwekwe kando ya picha, mama aione moyo wake utulie. Aliigundisha, akasugua msasa ubavuni mpaka mshono ukapotea kabisa. Mwenyewe alijisifu: hata Achille asingefika hapo.

Sasa aliitoa ndani kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele ya watu. Ndege ilisimama kidogo, ikayumba, kisha ikakaa kitako: mkia chini, pua juu.

Silvère, mdogo wa baba yao, aliangua kicheko. "Sha, hiyo ndege iko inapaa au inachuchumaa?"

"Tonton, nyamaza!"

"Ninyamaze nini? Kaka yako angeisimamisha."

Hapo Clovis akazikumbuka nati za pikipiki alizozikuta ndani ya boksi. Aliziona takataka, akazitupa. Kumbe Achille alizitenga ziwe uzito wa puani, ndege isikalie mkia, zitiwe kabla mwili wake haujafungwa. Akainyakua ndege aondoke nayo.

"Ilete hapa," mama alisema.

Aliilaza mapajani, akaipapasa. "Mwanangu alilala wapi?"

"Humo ndani, mama. Katikati."

"Fungua nione."

"Nimeshaigundisha. Nikiifungua itavunjika."

"Na lile sanduku mliniambia halifunguki."

Clovis aliutazama ule ubavu usio na mshono, kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake. Kisha akachukua kisu. Plastiki ililia. Bawa moja likachomoka, kioo cha rubani kikapasuka, na mwili ukaachana vipande viwili.

Ndani mlikuwa na sakafu ya kijivu na viti vidogo vilivyokunjwa ukutani. Basi. Pudentienne alipitisha kidole sakafuni, kutoka mlango wa nyuma hadi mbele, polepole, kama anayetafuta joto la mtu aliyeondoka kitandani.

"Peke yake," alisema. "Njia yote hiyo."

Silvère alivua kofia.

"Leteni maji," mama alisema.

Clovis mwenyewe ndiye aliyemmiminia. Mama alinawa, akapokea kibuyu, akanywa funda lake. Clovis alipoinama kuviokota vile vipande, mama alimshika mkono.

"Usiifunge tena."