Hesabu ya Nyumba ya Mama Patient

Asubuhi ya siku ya kuhesabu watu, Septemba 2002, kijana aitwaye Barigye aliingia Kashojwa, kijiji cha wakimbizi, kwa baiskeli akiwa na mkoba wa turubai, penseli sita zilizochongwa na kifutio kimoja. Alikuwa mwenyeji wa Biharwe, mrefu, mwenye adabu, na nyumba ya Marthe ilikuwa ya tisa kwake tangu alfajiri. Marthe alikuwa mlangoni akipepeta maharage. Alimsogezea kigoda, akaendelea kupepeta, maana hakuwa mtu wa kukaa na mikono mitupu.

"Nyabo, kwanza mimi nauliza kitu moja," Barigye alisema. "Jana usiku, nani alilala hapa?"

"Miye. Na bwana yangu Modeste. Na batoto yangu mbili, Patient na Nabintu."

Barigye akaandika. Modeste, mkuu wa kaya. Marthe, mke. Patient, mtoto, miaka kumi na mitatu. Alipofika kwa Nabintu penseli ilipita juu ya karatasi bila kuacha alama. Aliichonga upya, akarudia. Akachukua ya pili, kisha ya tatu. Pembezoni mwa gazeti alilokuwa nalo mkobani, zote ziliandika vizuri.

Nabintu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, msichana wa miaka kumi, dumu la maji kichwani, matone yakimtiririka shingoni. Barigye alimsalimu, naye akaitikia.

"Penseli nakataa," Barigye alisema.

"Inakataaka," Marthe alisema. "Hata ya mwalimu inakataaka. Jaribu tena."

Alijaribu tena. Kisha akauliza mwenye nyumba yuko wapi.

"Eko mu shamba. Alikufa, lakini eko mu shamba."

Barigye alifungua kijitabu cha maelekezo. Kilieleza la kufanya kuhusu wageni, walinzi wa zamu, wagonjwa waliolazwa na wavuvi waliolala ziwani. Kuhusu marehemu hakikusema kitu.

"Lakini alilala hapa?"

"Alijilaza."

"Basi yeye nahesabiwa," Barigye alisema, akajaza jumla ya nyumba ile: watatu.

Marthe alijua kosa lilikoanzia, maana alikuwapo. Mwishoni mwa 1996, vita vilipofika kwao Luvungi, Kongo, yeye na mumewe waliwachukua watoto wakavuka ziwa mpaka Kigoma, wakapanda kaskazini, mara kwa lori, mara kwa miguu. Modeste alikufa kwa homa siku mbili kabla ya kufika Kikagate, mpakani mwa Uganda. Walimzika kando ya kichuguu akiwa na shati lake la buluu la kwendea kanisani. Januari, kwenye meza ya mapokezi ya kambi ya Nakivale, karani alimwuliza Marthe jina la mkuu wa familia. Marthe alikuwa bado hajalitamka neno marehemu. Alifungua kinywa, likatoka jina la mume wake. Karani akaliandika. Akamwandika Marthe, akamwandika Patient aliyeshikilia sketi ya mama yake. Nabintu alikuwa mgongoni, amefunikwa kitenge gubigubi, amelala. Karani alinyanyua macho kidogo.

"Watatu?"

Marthe alijihesabu yeye na watoto wake wawili, akasema ndiyo, watatu.

Wiki mbili baadaye Modeste alifika. Ilikuwa saa za kuosha sufuria. Alitokea upande wa ziwa, udongo mwekundu kwenye kola ya shati. "Muliniita," alisema. Marthe alimpa maji ya kunawa. Jirani yao, Nyirabahire, alikuja kumpa pole ya safari na kuwaazima mkeka.

Alikuwa Modeste yule yule. Hakula, hakutokwa na jasho, na mkono wake ulikuwa baridi kama mtungi, lakini alilima kuwashinda wanaume wote wa Kashojwa. Usingizi tu ndio uliomkataa. Kila mwezi kwenye ugawaji wa chakula orodha ilisomwa kwa kipaza sauti, na yeye alisema sauti ile haikumtoka masikioni. "Nikishuka kidogo, ninasikia banaita jina yangu," alimwambia mkewe. Basi aliamka, akaizunguka nyumba mpaka majogoo. Marthe naye, kwa kusikiliza nyayo zile, akapoteza usingizi. Alizoea kuamka na kupanga upya vyombo ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Posho ya Modeste aliila Nabintu. Ndiyo maana nyumba ile haikupungukiwa, na ndiyo maana Marthe alikaa miaka sita bila kulalamika popote. Hilo lilikuja kumwuma kuliko lile kosa la kwanza.

Msichana alikua vizuri, isipokuwa vyombo vya kupimia havikumshika. Zahanati walimtundika kwenye mizani, sindano ikabaki kwenye sifuri. Kwenye picha ya darasa palikuwa na pengo la upana wa mtoto mmoja, na wenzake wawili wameinamisha vichwa kulielekea, maana alikuwa akiwachekesha. Mwalimu wake, Musoni, alilishika jina lake kichwani, akaliita mwishoni baada ya kufunga daftari.

Mwaka 2006 Nabintu alikuwa wa kwanza darasa la saba. Ilipofika siku ya kuwaandikisha watoto kwa mtihani wa mwisho, Musoni alimaliza kalamu tatu. Kisha akampigisha Marthe hatua chache mbali na wazazi wengine.

"Mama Patient, kama mutoto hayuko mu liste ya batu, hawezi kuwa mu liste ya mtihani. Rudi Mbarara."

Marthe alikuwa ameshaizoea ofisi ya takwimu ya Mbarara. Mara ya kwanza, mwaka mmoja baada ya hesabu, ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu: makabati ya bati, mashine ya kujumlishia yenye mkono wa kuzungusha, na Barigye, ambaye alikuwa ameajiriwa. Mwaka uliofuata palikuwa na kompyuta mbili zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Mwaka uliofuata tena walikuwa na ghorofa nzima, na mkuu aitwaye Tibesigwa, mwenye miwani yenye uzi. Kila Marthe alipokuja, ofisi ilikuwa inajua mambo zaidi. Ilijua idadi ya mabati, ya vyoo, ya ng'ombe wenye pembe ndefu na ya wanawake wanaopikia kuni. Kila alipokuja, Barigye alimpa chai, akafungua faili, akamwambia: "Nyumba yako, watatu." Siku moja alimwandika Nabintu kwa kompyuta. Vitufe vililia kimoja kimoja, herufi saba, na kioo kikabaki cheupe.

"Safari hii nitaenda miye mwenyewe," Modeste alisema. "Banifute."

Walipanda lori la matoke, Modeste, Marthe na binti yao. Mkuu Tibesigwa aliwapokea ofisini kwake, akaagiza viti vitatu.

"Miye ni marehemu," Modeste alisema. "Ninaomba munifute. Fasi yangu mumuweke huyu mutoto."

Tibesigwa alimtazama juu ya miwani. "Mzee, una cheti ya kifo?"

"Nilikufa mu njia. Hakukuwa ofisi."

"Kuna mtu aliona?"

"Miye nilimuzika," Marthe alisema.

"Nyabo, 2002 ulisema alilala nyumbani."

"Alilala."

"Na 1997 ulisema yeye iko hai."

"Sikusema eko hai," Marthe alisema. "Nilisema jina yake tu."

Tibesigwa hakuwa mtu mbaya. Alisimama, akateremsha kabatini kitabu kinene cha matokeo kilichochapishwa Kampala, akakifungua mezani. Kidole chake kilishuka safu ndefu ya tarakimu, kikasimama.

"Nyumba yako iko ndani ya hii namba. Tulihesabu watu watatu. Sasa niambie, wanaopumua ni wangapi? Wewe, kijana wako, huyu msichana. Watatu. Hesabu iko sawa."

"Lakini majina si yao."

"Nyabo, sisi hapa hatuweki majina. Tunaweka jumla. Kama jumla yako ingekuwa na makosa, mimi ningesahihisha leo, sasa hivi, na wewe unaona." Alifunga kitabu polepole. "Haina makosa."

Modeste aliomba radhi kwa usumbufu. Wakati wanasimama waliona kiti cha tatu kitupu. Nabintu alikuwa ameshuka ngazi. Marthe alimtafuta barabara nzima, akichungulia maduka ya simu na ya magodoro, mpaka akamkuta kwenye lango la soko, anatembea kwenda na kurudi, hatua kumi huku, hatua kumi kule, kama baba yake. Msichana hakugeuka.

"Mama, siku ile. Kwa nini hukunishusha ku mugongo?"

Marthe alikuwa ameandaa majibu mengi kwa miaka tisa. Alitoa ambalo hakuliandaa.

"Ulikuwa unalala," alisema. "Ulitembea sana. Nilisema nikuache kidogo."

Nabintu alitembea kwenda na kurudi mara mbili zaidi. Kisha akamshika mama yake mkono, wakaenda kungojea lori. Siku za mtihani alisimama nje ya dirisha la darasa na kuyajibu maswali yote kwa sauti ya chini. Musoni, aliyekuwa ndani anasimamia kimya, alisikia. Msichana hakukosa swali hata moja.

Mwezi Agosti 2014 watu walihesabiwa tena. Barigye sasa alikuwa msimamizi, ana kitambi na gari, na ofisi yake ilikuwa na jengo lake lenye vioo, ambako mtu alichukua tiketi mlangoni na kungoja namba yake. Alikuja Kashojwa na ramani zilizopigwa kutoka angani. Kila paa lilikuwa nukta ya kijivu, na la Marthe lilikuwamo. Alimwomba Nabintu awaongoze makarani wake, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyezijua njia za Nakivale kama yeye. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu siku ile ya Mbarara hakuwahi kukaa kijiji kimoja wiki nzima. Jina lake halikushika kwenye orodha ya vibarua, lakini aliifanya kazi. Karani aliyepangiwa eneo lao aliugua malaria, fomu akaachiwa yeye.

Walipofika kwao aliketi kwenye kigoda na kuuliza kama alivyouliza kwingine kote.

"Mama, nani alilala hapa?"

Patient alikuwa anaishi Mbarara akiuza maziwa, na huko ndiko alikohesabiwa. "Miye," Marthe alisema. "Na baba yako. Na weye, kwa mara moja."

Nabintu aliandika Modeste, akaandika Marthe. Kwenye mstari wa tatu hakujaribu. Alijaza jumla: wawili. Barigye, aliyekuwa akikagua fomu kwa macho yake mwenyewe, aliwatazama mama na binti waliokaa mbele yake.

"Hata hii iko sawa," alisema, akaangalia pembeni.

Mwaka huohuo Nabintu alikuwa na mchumba, Cyiza, mtoto wa mfugaji wa upande wa Rubondo. Familia ya Cyiza ilikuwa imechaguliwa kwenda kuishi nchi ya mbali, na kijana akataka aende na mke wake. Walipiga picha ya kuambatisha kwenye fomu za safari. Ilipotoka, Cyiza alikuwa amesimama peke yake, mkono umezunguka hewa, anatabasamu. Aliwaomba maofisa wa safari wamngojee Nabintu miezi sita. Hawakungoja. Cyiza aliondoka na familia yake Februari 2015, na Septemba Nabintu akajifungua mtoto wa kiume.

Siku ya nane alimpeleka zahanati, Marthe akiwa nyuma yake. Muuguzi, Constance, alimweka mtoto kwenye mizani. Sindano ilitetemeka, ikapanda, ikasimama kwenye kilo tatu na gramu mia mbili.

"Mupime tena," Nabintu aliomba.

Constance akampima tena. Sindano ilisimama palepale. Nabintu aliitazama mpaka muuguzi alipokohoa.

"Jina ya mama?"

"Nabintu."

Kalamu ilipita. Constance aliikung'uta, akapulizia ncha, akachukua nyingine. Foleni ilifika hadi kwenye mti wa mwisho wa uzio, na watoto wote walikuwa wanalia.

"Dada, bila mama mtoto haandikwi. Nyumbani hakuna jina lingine?"

Nabintu alimtafuta mama yake. Marthe alikuwa anatembea kando ya ukuta, kwenda na kurudi. Alisimama. Walitazamana, na Nabintu aliona meza ile ya Januari aliyoipita akiwa amelala, karani amenyanyua kichwa, anangoja jibu.

"Baba, andika Modeste," alisema. "Mama, andika Marthe."

"Huyu Marthe ni wewe?"

"Andika tu. Huyu asikose."

Kalamu iliandika mara moja, bila kukwama. Mtoto akawa wa mtu aliyekufa miaka karibu kumi na tisa iliyopita na wa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Constance alijaza umri kwenye mraba wake kama ulivyotajwa, akalisoma kila jina kwa sauti ili kuhakikisha, kisha akaita mama wa mtoto aje kuweka dole gumba.

Marthe alikwenda akaweka dole. Nabintu alibaki amesimama na mtoto, maziwa yakimlowesha blauzi. Mtoto alipolia aliketi kwenye benchi na kumnyonyesha. Foleni ikasogea.

Modeste aliingia akiwa na jembe begani, miguu na udongo wa shambani. Aliwapita kina mama waliokuwa mlangoni, akamwuliza Marthe ni nini tena, kwa sababu amesikia anaitwa.

"Umepata mutoto," Marthe alimwambia.

Modeste aliegemeza jembe ukutani, akafuta mikono, akaketi karibu na binti yake, wakangoja mtoto ashibe.